UZI: Mi mkutubi, nilikuwa naikimbia kompyuta, saivi nafundisha watu. Njooni tujuzane

mkutubi_wa_zamu

Wakuu habari za humu. Mi ni msomaji wa kimya kimya ila juzi nimeona watu wanabishana eti mtu wa maktaba anatafuta nini kwenye mambo ya IT, nikasema hapana, hapa na mimi nina la kusema.

Nipo kwenye kazi ya maktaba miaka mingi, nilianza enzi za kadi, zile droo nyembamba ndefu ukivuta unakutana na kadi zimechakaa kwa vidole vya watu. Kwa kadi nilikuwa moto. Ukinitajia mada nakupa namba ya Dewey, ile ya kupanga vitabu kwa mada, bila kufungua kitabu chochote. Halafu zikaja kompyuta nikageuka mjinga ndani ya siku moja.

Nisiwafiche, nilijificha. Nilikuwa naomba zamu za kupanga vitabu rafu za nyuma ili nisikae kaunta, msomaji akija anataka kuprinti namwambia subiri yule dada pale anarudi, mimi nina kazi huku. Kazi gani, wala sina, nimeshika kitambaa nafuta vumbi rafu ambayo nimeifuta asubuhi.

Na si kwamba hakukuwa na wa kunifundisha. Kulikuwa na kijana wa IT, mpole kabisa, hana dharau. Ila kila nikimuuliza kitu ilikuwa hivi: "samahani mama, ngoja kidogo", anachukua mausi, tak tak tak, "umeona?" Na mimi najibu nimeona. Nimeona nini sasa, nimeona mkono wake tu. Kesho tatizo lile lile, naona aibu kurudi, namtafuta mtu mwingine nae ananionesha mkono wake. Nilikaa hivo karibu mwaka mzima.

Naendelea chini, ngoja nihudumie mtu.

Kiti_cha_Nyuma

Hapo kwenye kufuta vumbi rafu iliyofutwa umenimaliza mkuu 😂 mi huwa najifanya napokea simu. Endelea tupo.

mkutubi_wa_zamu

Nimerudi.

Kilichonitoa kwenye kujificha ni aibu kubwa kuliko zile ndogo ndogo. Tuliambiwa tusafishe rekodi za katalogi, zitolewe kwenye mfumo ziende kwenye faili la CSV (orodha ya maandishi matupu, vipengele vimetenganishwa kwa mikato), turekebishe majina na makosa ya herufi, kisha zirudishwe. Mi nikajitolea maana mambo ya katalogi ni yangu, nikasema hii ni kama kadi tu ila ipo kwenye skrini. Nikafungua faili na Excel kwa kulikliki mara mbili kama mtu yeyote, nikarekebisha majina kama siku mbili, nikasevu, likarudishwa kwenye mfumo, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Kesho yake kaunta wanasema wakitafuta kitabu kwa ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitambulisho cha kitabu, hakipatikani. Kumbe Excel ikiona namba ya tarakimu 13 inadhani ni namba ya hesabu, inaifupisha. Yaani 9780306406157 inakuonesha 9.78031E+12, na ukisevu tena kama CSV inasevu hicho kifupi unachokiona, sio namba yenyewe. Ukija kufungua tena unakuta 9780310000000. Tarakimu za mwisho zimeenda na hazirudi. Matokeo yake vitabu kibao vikawa na ISBN moja, maana vile ambavyo namba zake zinafanana mwanzoni vyote viligeuka kitu kimoja. Na zile barkodi zetu zinazoanza na sifuri, sifuri zikaliwa. Na namba za rafu zenye mkwaju katikati, baadhi zikawa tarehe. Tarehe! Kitabu namba yake ya rafu imekuwa mwezi wa tano.

Bakapu ya usiku uliotangulia ilikuwepo, ikarudishwa, ila mikopo na marejesho ya siku nzima tukaingiza upya kwa mkono kutoka kwenye vikaratasi. Hakuna aliyenigombeza. Hiyo ndo iliniuma zaidi, walikuwa wanasema "aa mama hajui haya mambo tumsamehe".

fundi_waya

Pole sana. Ila usijione peke yako, hiyo ya Excel kugeuza vitu kuwa tarehe imewatesa mpaka wanasayansi wa jeni. Kulikuwa na jeni zinaitwa MARCH1 na SEPT1, Excel inazifanya tarehe, mpaka mwaka 2020 ile kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe. Yaani ilionekana rahisi kubadili jina la jeni kuliko kubadili tabia ya Excel.

mkutubi_wa_zamu

Hahaha ningejua hiyo siku ile ningewatolea mfano.

Basi dawa yake niliyokuja kuijua baadae, na hii wanaofanya kazi na orodha yoyote waichukue: usilikliki faili la CSV mara mbili. Fungua Excel tupu kwanza, nenda sehemu ya Data, chagua kuingiza kutoka faili la CSV, na kabla hujakubali iambie ile safu ya ISBN na ile ya barkodi ni maandishi, sio namba. Hapo haigusi kitu. Usitegemee kurekebisha baada ya kufungua, maana sifuri ikishaliwa ndo imeliwa.

Sasa jinsi nilivyojifunza. Sikwenda kozi yoyote. Nilijiuliza ningewezaje kulijua lile kosa kabla faili halijarudi kwenye mfumo. Na jibu lilikuwa ndani ya ISBN yenyewe, kitu nilichokijua toka enzi za kadi ila sikuwahi kukitumia: tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Unachukua zile 13, ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivo hivo mpaka mwisho, unajumlisha zote, jumla lazima igawanyike kwa 10. Ile ya mfano hapo juu jumla ni 100 kamili, ipigeni. Ile iliyoharibiwa na Excel jumla ni 44. Inajiumbua yenyewe.

Nikaianza kwa karatasi, kisha nikaiweka kwenye fomula ya Excel, ikanichukua jioni kadhaa. Halafu nikasikia kuna lugha ya kuandikia programu inaitwa Python, nikataka programu ndogo isome faili zima inioneshe mistari mibovu. Wakuu, mistari kama 15 ya kodi ilinichukua wiki tatu. Nilikwama siku mbili nzima kwa sababu ya nafasi mwanzoni mwa mstari, maana Python nafasi za mwanzo zina maana, na mimi nilikuwa nazipanga kwa jicho tu, mahali pengine tabo, pengine spesi. Ila siku ilipokubali, ikatema mstari mmoja mmoja wenye kosa, nilisimama nikazunguka kiti. Nimezaa watoto, nimejenga, ila ile furaha nayo ilikuwa ya aina yake.

Mzalendo_Rafu

Uzi mzuri ila mi naomba kupinga kidogo. Mimi pia nimesomea ukutubi. Kazi yetu ni vitabu na wasomaji. IT ina watu wake wanalipwa kwa hilo. Tukianza kuandika makodi nani atapanga rafu? Na hao wa IT mbona hawaji kujifunza kukatalogi?

mkutubi_wa_zamu

Kaka mbona walikuja. Huo mfumo wa MARC wa kuandikia rekodi za vitabu zisomwe na kompyuta, unaoutumia kila siku, zile 245 za jina la kitabu, 100 ya mwandishi, 650 ya mada, uliundwa miaka ya 1960 kule maktaba ya Library of Congress Marekani na mama mmoja anaitwa Henriette Avram. Hakuwa mkutubi, alikuwa mwandika programu. Alikuta katalogi ni kadi tu, akalazimika kujifunza kadi inasema nini na kwa nini ipo hivyo ndo akaweza kuigeuza isomwe na mashine. Alivuka kutoka upande wake kuja wetu. Sisi kuvuka kwenda kwake tunaona nongwa.

Na Koha je, mfumo wa kuendeshea maktaba ambao maktaba nyingi duniani wanautumia na ni wa bure. Ulitokea New Zealand, maktaba za Horowhenua zilikuwa na mfumo wa zamani waliohofia hautavuka mwaka 2000, wakaamua watengenezewe mwingine, wakauanza mwanzoni mwa 2000 na wakaugawa kwa kila mtu. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Hao ni wakutubi walikaa na watu wa kompyuta wakawaambia hapa msomaji anateseka, hapa rahisisha. Usipojua hata lugha yao utakaa nao mwambiane nini?

Na rafu napanga bado. Jana nimepanga.

Mzalendo_Rafu

Hiyo ya zawadi sikuijua. Sawa nimekuelewa nusu. Nusu nyingine bado nabisha, ngoja kwanza nisome uzi mpaka mwisho.

binti_katalogi

Dada shikamoo. Mi ndo naanza kazi, wananiambia nisome Python. Nianze nayo?

mkutubi_wa_zamu

Marahaba mdogo wangu. Mi ningekwambia hapana, sio kwanza. Anza na jedwali kama la Excel, ujue kuchuja, kupanga, kutafuta yanayojirudia. Halafu ingia OpenRefine, programu ya kusafisha data, hiyo ndo nahisi ilitengenezwa ikiwaza wakutubi japo sio kweli. Inafunguka kwenye brauza ila inafanya kazi kwenye mashine yako mwenyewe, data haiendi popote, na faili lako la asili hailigusi, na kila hatua unaweza kurudi nyuma. Kwa mtu mwoga kama nilivyokuwa mimi hicho cha kurudi nyuma ni dawa ya presha.

Sasa utamu wake. Katalogi yako ina "Shakespeare, William", ina "William Shakespeare", ina "shakespeare william." yenye nukta mwisho. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. OpenRefine ukiiambia ikusanye yanayofanana, inafanya kitu cha kijanja sana, inashusha herufi zote ziwe ndogo, inaondoa nukta na mikato, inapanga maneno kwa alfabeti, na wote watatu wanakuwa "shakespeare william", inakuuliza hawa ni mmoja? Unakubali, umemaliza. "Shakespeare, W." hiyo haitaingia kwa njia hii kwa sababu W sio William kwa mashine, hapo lazima kuwe na mtu anayejua. Na huyo mtu ni mkutubi, sio kijana wa IT. Mzalendo_Rafu unasoma hapo?

Mzalendo_Rafu

Nasoma 😒

Kiti_cha_Nyuma

Mleta mada ulisema unafundisha, mbona hujafika huko.

mkutubi_wa_zamu

Nafika. Kufundisha kulianza kwa mimi kuharibu.

Niliomba saa moja kila wiki kwenye ule ukumbi mdogo, nikabandika tangazo, wakaja watu tisa. Mimi nimejiandaa, nimetengeneza slaidi, kompyuta ni nini, sehemu za kompyuta, vifaa vya kuingiza na vya kutoa, vizazi vya kompyuta kuanzia zile za ukubwa wa chumba. Nadhani mnajua picha. Dakika ya arobaini mzee mmoja akanyoosha mkono kwa heshima zote akasema, mwalimu, yote mazuri, ila mimi mjukuu wangu ananitumia picha kwa imeili na sijui kuzifungua. Hiyo ndo iliyonileta. Wiki ya pili wakaja wawili, yeye na mkewe.

Nikatupa slaidi zote. Tangazo jipya likasema njoo na shida yako. Wakaja na shida kweli: barua ya maombi ya kazi, fomu ya mtandaoni inayokataa picha kwa sababu ni kubwa, simu imejaa, akaunti imefungwa na namba ya simu iliyosajiliwa ilishapotea zamani.

Na hapo nikaweka sheria moja tu. Haihusu wanafunzi, inanihusu mimi: SIGUSI MAUSI YA MTU. Hata kama anatafuta herufi P dakika nzima. Hata kama kuna foleni. Nikiishika tu nimekuwa yule kijana, tak tak tak, umeona? Naweza kuelekeza kwa mdomo, naweza kuonesha kwa kidole bila kugusa skrini, nikishindwa kabisa naenda kwenye kompyuta YANGU nafanya polepole kisha narudi, yeye anarudia kwake. Inachosha ajabu. Ila vitu vyenyewe ndo unaanza kuviona. Mfano kukliki mara mbili. Nilidhani ni kitu kidogo, kumbe mtu mzima mwenye vidole vigumu anakliki, mausi inasogea kidogo, anakliki tena, kompyuta inahesabu mbili tofauti. Anajiona yeye ndo mjinga. Nenda kwenye mipangilio ya mausi punguza kasi ya kukliki mara mbili, au mwambie akliki mara moja kisha abonyeze Enter. Basi. Mtu aliyekuwa anatoka jasho anatulia.

fundi_waya

Mi nimesimama kwenye aya hiyo dakika tano. Mimi ndo yule kijana. Yaani sio yule wako, ila ni mimi. Nafanya IT kwenye taasisi fulani na nachukua mausi ya kila mtu kwa sababu nina tiketi 20, yaani maombi ya watu wenye shida, zinanisubiri.

mkutubi_wa_zamu

Mwanangu sikulaumu, yule kijana pia alikuwa na za kwake. Nikupe ujanja, shika kitu mkononi. Mi hushika kalamu na daftari mikono yote miwili ikiwa imejaa, nasimama nyuma kidogo ya bega. Mkono ukitaka kwenda kwenye mausi unakuta una kalamu.

Kingine nimekopa kwa watu wa Library Carpentry, wanafundisha wakutubi mambo ya data. Kwenye madarasa yao kila mtu anapewa vikaratasi viwili vya kunata vya rangi tofauti, moja unaibandika kwenye kompyuta ukiwa umemaliza, nyingine ukiwa umekwama. Hakuna kunyoosha mkono mbele ya watu. Mtu kama mimi wa zamani, wa kufuta vumbi, asingenyoosha mkono hata mara moja, ila karatasi angebandika.

Kiti_cha_Nyuma

Na paswedi? Kwetu wasomaji wanakuja na daftari "naomba niandikie paswedi yangu hapa sioni vizuri".

mkutubi_wa_zamu

Usiandike. Hata akikusihi. Ongeza ukubwa wa skrini, Ctrl na alama ya kujumlisha, mwoneshe kale kajicho pembeni ya kisanduku kanakoonesha herufi, wewe geuza uso, na ugeuze kweli aone umegeuza. Siku akaunti yake ikiingiliwa hutaki kuwa mtu wa pili anayeijua. Na daftari la paswedi kwa mzee anayekaa nalo nyumbani mi silikatazi, mwizi wa mtandaoni hawezi kuiba daftari kabatini, tatizo ni kulisahau mezani kwetu, na wanalisahau kila wiki.

Kubwa zaidi kwa kompyuta za umma ni kutoka kwenye akaunti. Watu wanafunga dirisha wanadhani wametoka. Nawafundisha wafungue dirisha la faragha toka mwanzo, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, wakifunga madirisha yote ya aina hiyo mashine inawasahau. Ila nawaambia pia haliwafichi kwa mwenye mtandao, maana jina lenyewe linadanganya watu.

Na viunganishi vya kitapeli. Nawaambia msisome anwani kutoka mwanzo. Tafuta ile slashi moja ya kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma kuelekea kushoto. Mwenye tovuti yuko hapo karibu na slashi. Matapeli wanaweka jina la benki mwanzoni kabisa kwa sababu wanajua unasoma kutoka kushoto na unachoka katikati.

jicho_la_tatu

Uzi mzuri lakini saivi kuna akili bandia jamani, mtu anauliza tu inamjibu, inaandika hata kodi. Kuna haja ya yote haya?

binti_katalogi

Wiki hii hii kuna mwanafunzi kaja na orodha ya vitabu kapewa na akili bandia, majina mazuri, waandishi mpaka mwaka. Nimezunguka nusu siku. Vitabu vingine havipo duniani. Mwandishi yupo ila kitabu hakuwahi kukiandika.

mkutubi_wa_zamu

Na orodha kama hiyo mi huanza na ISBN, nyingine hata ukaguzi wa tarakimu haziupiti, unajua ndani ya sekunde. Ila angalia, ikipita haimaanishi kitabu kipo, inamaanisha hesabu imekaa sawa tu. Bado unatafuta kwenye katalogi.

Mi naitumia jicho_la_tatu, sijakataa. Nikikwama kwenye kodi naipa ile meseji nyekundu ya kosa inanieleza. Ila nilipokuwa sijui kitu ilikuwa ni yule kijana tena, inachukua mausi, tak tak, umeona? Saivi naiambia usinipe jibu, niulize maswali. Inavumilia kuliko binadamu kwa kweli.

Mzalendo_Rafu

Nimemaliza kusoma. Ile OpenRefine inaingia kwenye mashine ya zamani? Naulizia rafiki.

mkutubi_wa_zamu

Inaingia kaka, ina hamu ya RAM (kumbukumbu ya mashine) kidogo faili likiwa kubwa, mwambie huyo rafiki aanze na rekodi mia tano, asianze na katalogi nzima kama nilivyofanya mimi. Na bakapu kwanza. BAKAPU KWANZA.

fundi_waya

Nimerudi na mrejesho. Leo kuna mama wa uhasibu printa inamgomea. Nimeenda na kalamu na daftari. Dakika 25 wakuu, kitu ambacho ningefanya kwa sekunde nane. Nimeng'ata kifuniko cha kalamu mpaka kimepasuka. Ila kafanya mwenyewe, na alipomaliza kaniambia ngoja niandike hatua, akachukua daftari langu akaandika humo kisha akachana karatasi akaondoka nayo.

mkutubi_wa_zamu

😂😂 Daftari nunua jingine. Ila niambie, ilikuwa ni saizi ya karatasi? Faili lipo Letter, ile saizi ya Kimarekani, na printa ina A4?

fundi_waya

Umejuaje.

mkutubi_wa_zamu

Hiyo Letter ndo inatutesa wote mwanangu. Karatasi yangu ya hatua zake ipo ukutani pembeni ya printa, mara ya nne hii naibandika, watu wanaichana wanaondoka nayo.